Kusoma Utabiri wa Wiki Nzima Wakati wa Masika Ukiwa Mwanza: Mwongozo Kamili

Kila ukiingia mwezi wa tatu, maswali yanayokuja ni yaleyale. Dada wa Kirumba kaanika dagaa kwa sababu simu ilimchorea jua, saa mbili asubuhi mvua ikamkuta hajapata hata wa kumsaidia kuanua. Kaka wa Buswelu kaahirisha kumwaga zege kwa sababu redio ilisema "mvua na ngurumo", jua likawaka kutwa na mafundi akawalipa bure. "Kaka, hawa watu wa hali ya hewa wanatudanganya?"

Hawadanganyi. Wote wawili waliusoma utabiri kama ratiba ya basi. Masika ya huku kwetu, mvua ndani ya wiki ipo karibu kila mara. Kinachotafutwa ni saa yake na upande wake: itaanzia ziwani au nchi kavu, usiku au mchana. Hayo huyapati kwa kutazama picha moja ya wingu kwenye simu, lakini unaweza kuyapata kwa dakika ishirini za Jumapili jioni na dakika tano za kila siku. Fuata hatua kwa mpangilio, usiruke ya nne.

## Andaa hivi kwanza

- Simu yenye bando, hata dogo. Picha za setilaiti hazili data kama video.
- Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA), kutoka tovuti yao ya meteo.go.tz, kurasa zao za mitandao ya kijamii, au redio. Utahitaji wa saa 24, wa siku tano wa hali mbaya ya hewa, wa siku kumi, na ule wa ziwa unaotaja upepo na mawimbi.
- Programu moja ya hali ya hewa kwenye simu. Moja tu. Mwenye tatu huishia kuchagua ile inayompendeza.
- Ukurasa wowote unaoonyesha picha za setilaiti ya Meteosat kwa Afrika Mashariki.
- Daftari na kalamu.
- Kopo lenye kuta zilizonyooka kutoka chini hadi juu, na rula ya shule.
- Kalenda inayoonyesha mwezi mpevu na mwezi mwandamo, kama kazi yako inahusu dagaa.

## Hatua ya 1: Andika kazi kabla ya kutazama hali ya hewa

Fungua daftari, andika kazi zote za wiki zinazoogopa mvua au upepo. Kila moja ipe mambo manne: mahali, siku, saa, na kitu gani hasa kinaiharibu.

Mfano: "Kuanika dagaa, Kayenze, kila siku, saa 1 asubuhi hadi saa 10 jioni. Inaharibiwa na mvua yoyote, hata manyunyu." Au: "Safari ya Nansio, kisiwani Ukerewe, Alhamisi asubuhi. Inaharibiwa na upepo na mawimbi. Mvua peke yake si kitu." Au: "Kumwaga zege la msingi, Buswelu, Jumatano. Inaharibiwa na mvua kubwa ndani ya saa chache baada ya kumwaga. Kabla ya hapo au kesho yake hakuna shida."

Ukianza na utabiri, utasoma neno "mvua" na kuogopa kila kitu. Ukianza na kazi, utagundua kwamba mvua ya saa tisa usiku haimgusi fundi wa zege hata kidogo, ila inammaliza mvuvi aliyeko majini.

Umefaulu kama: kila kazi ina saa iliyoandikwa. "Jumatano" bila saa haitoshi.

## Hatua ya 2: Tazama wiki imekaa wapi ndani ya msimu

Hii ni fupi. Soma utabiri wa siku kumi wa TMA kwa Kanda ya Ziwa Victoria, yaani mikoa ya Kagera, Geita, Mwanza, Shinyanga, Simiyu na Mara. Angalia kama unataja mvua za wastani, juu ya wastani au chini ya wastani. Kumbuka siku kumi hizo huhesabiwa kwa tarehe za mwezi, kuanzia tarehe 1, 11 au 21. Ukisoma tarehe 18, taarifa iliyo mbele yako inakaribia kwisha; subiri mpya.

Kisha tafuta mambo mawili.

La kwanza ni upepo wa magharibi. Siku nyingi upepo mkuu wa kwetu unatoka mashariki. Masika ukigeuka ukaanza kutoka magharibi, unabeba unyevu wa misitu ya Kongo, na siku hizo mvua huongezeka kwenye bonde lote la ziwa. Programu nyingi zina ramani ya mishale ya upepo: ikielekea mashariki kwa siku mbili tatu mfululizo juu ya Rwanda na Kagera, andika "wiki ya unyevu" juu ya ukurasa.

La pili ni kimbunga katika Bahari ya Hindi. Watu wa Mwanza husikia habari za kimbunga wakadhani ni shida ya Mtwara na Mafia. Kimbunga Hidaya, mapema Mei 2024, kilipiga pwani kule, lakini mzunguko wa namna hiyo hubadili upepo wa nchi nzima. Kikikaa mashariki ya Madagaska mara nyingi huvuta ule upepo wa Kongo kuja kwetu. Kikikaa kwingine kinaweza kuunyonya unyevu na kutuachia siku kavu katikati ya masika. Ukisikia kimbunga kimetajwa, usitegemee chochote kinachozidi siku tatu mbele mpaka kipite.

Onyo: usipange wiki kwa utabiri wa msimu. "Mvua za juu ya wastani Machi hadi Mei" ni jumla ya miezi mitatu. Ndani yake zinaweza kukaa siku tisa kavu, na hakuna aliyekosea.

## Hatua ya 3: Soma rangi za siku tano, kisha soma maneno yaliyo chini yake

Utabiri wa siku tano wa hali mbaya ya hewa unatumia rangi. Kijani hakuna tahadhari. Njano ni angalizo. Rangi ya chungwa ni tahadhari. Nyekundu ni tahadhari kubwa.

Wengi wanaishia kwenye rangi. Chini ya rangi kuna mambo mawili yanayobeba uzito wote: kiwango cha uwezekano wa jambo kutokea, na kiwango cha athari likitokea. Njano inaweza kumaanisha jambo dogo lenye uhakika mkubwa, au jambo baya lenye uwezekano mdogo. Hayo hayashughulikiwi kwa namna moja. La kwanza unalipokea na kuendelea na kazi. La pili ndilo linalokutaka ujue mapema watoto watapitia njia gani kutoka shule kama Mto Mirongo ukijaa.

Sasa maneno yenyewe:

"Mvua kubwa" kwa TMA ni zaidi ya milimita 50 ndani ya saa 24. Milimita moja ni lita moja kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo bati la mita 10 kwa 6 likipata milimita 50 linapokea lita 3,000. Ukijua hivyo utaelewa kwa nini mifereji ya Mabatini na Igogo inashindwa.

"Maeneo machache" na "baadhi ya maeneo" vinataja ukubwa wa eneo. Havisemi mvua itakuwa ndogo. Mvua ya maeneo machache inaweza kuwa gharika kwa aliye chini yake, huku jirani wa mtaa wa pili anafua nguo. Mtaani hakuna neno linalosomwa vibaya kama hili.

"Vipindi vya jua" maana yake mawingu yatakuwepo na jua litapenya kwa nafasi. Anayeanika asilisome kama "jua".

"Upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2" ni sentensi ya kukaa nchi kavu kwa mwenye mtumbwi. Haina tafsiri nyingine.

Umefaulu kama: unaweza kumweleza mtu wa nyumbani kwako siku ipi ina rangi gani, kwa sababu ya nini, na uwezekano gani.

## Hatua ya 4: Igawe kila siku mafungu manne

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na ndipo wengi wanapoteleza. Utabiri wa mkoa unasema siku nzima kwa mkupuo. Ziwa letu halifanyi kazi hivyo. Lina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 68,800, maji yake yanahifadhi joto usiku, na kwa sababu hiyo linajitengenezea upepo wake na mvua yake kwa saa zake.

Chora siku saba, kila siku iwe na vyumba vinne.

Fungu la kwanza: saa 6 usiku hadi saa 3 asubuhi. Zamu ya ziwa. Usiku nchi kavu inapoa upesi kuliko maji. Hewa baridi inateremka kutoka pande zote za mwambao kuelekea ziwani, inakutana katikati, inapanda juu na kujenga mawingu ya radi. Ndiyo maana dhoruba nyingi za ziwani ni za usiku wa manane na alfajiri, saa ambazo mvuvi wa dagaa yuko kwenye taa zake. Kwa kuwa upepo mkuu unatoka mashariki, nguvu nyingi husukumwa upande wa magharibi. Bukoba hupata mvua karibu mara mbili ya Mwanza kwa mwaka. Ila sisi wa kusini hatuachwi. Ukerewe na Ukara hupata sehemu yao, na mabaki ya dhoruba hizo ndiyo mvua inayotua Kirumba, Ilemela na Kayenze asubuhi watu wakielekea kazini.

Fungu la pili: saa 3 asubuhi hadi saa 8 mchana. Upenyo. Dhoruba za ziwa zinakufa jua likipanda, za nchi kavu hazijaiva. Kwa mwambao wa Mwanza, hizi ndizo saa za kuanika, kumwaga zege, kupaka rangi, kunyunyizia dawa shambani. Siku nyingi za masika zina upenyo huu hata kama utabiri wa siku umeandikwa "mvua na ngurumo".

Fungu la tatu: saa 8 mchana hadi saa 2 usiku. Zamu ya nchi kavu. Ardhi imepata moto, upepo wa ziwani unaingia ndani, na mawingu yanajengeka mbali kidogo na maji: Misungwi, Kwimba, Magu. Utakaa Capri Point kwenye jua unasikia ngurumo za watu wengine. Aliye Ngudu na aliye Nyamagana wakisoma utabiri mmoja wa mkoa, wa Ngudu aogope jioni, wa Nyamagana aogope alfajiri.

Fungu la nne: saa 2 usiku hadi saa 6 usiku. Makabidhiano. Dhoruba zilizozaliwa jioni kwenye nyanda za Mara na Simiyu husogea kuelekea magharibi na zinaweza kuingia Ghuba ya Speke usiku. Fungu hili halina mvua nyingi kama la kwanza, lakini huja na upepo wa ghafla unaotangulia mvua. Huo upepo ndio unaopindua mitumbwi.

Sasa chukua ulichopata hatua ya 3 na ukigawe kwenye vyumba. Kazi ya ziwani: tilia mkazo fungu la kwanza na la nne. Kazi ya mwambao: la kwanza. Kazi ya ndani ya nchi kavu: la tatu.

Onyo: mpangilio huu unavunjika kwenye zile siku ulizoziandikia "wiki ya unyevu". Mawingu yakifunika kutwa, nchi kavu haipati moto, upepo wa ziwa na wa nchi unalegea, na mvua ya taratibu inaweza kukaa kuanzia asubuhi hadi jioni. Dalili yake ni asubuhi isiyokuwa na kivuli: ikifika saa 4 hujaona kivuli chako, usiamini upenyo.

Umefaulu kama: ukurasa wako una vyumba 28 na angalau nusu yake umeviacha vitupu. Ukiwa umeandika "mvua" kote, umerudi kulekule kwenye kuogopa kila kitu.

## Hatua ya 5: Ibane programu ya simu kabla ya kuiamini

Programu ina faida yake, ila ina tabia tatu za kuzijua.

Kwanza, inachora radi kila siku ya Aprili. Mitambo ya kimataifa inayoilisha huona eneo letu kwa vipande vikubwa. Kisiwa kidogo hakionekani kabisa, na mwambao wenye vilima na miamba kama wetu unasawazishwa. Usitazame alama ya siku. Fungua saa kwa saa, uone kama saa zake zinakubaliana na mafungu ya hatua ya 4. Zikikubaliana, imani inapanda. Ikikuambia mvua ya saa sita mchana katikati ya ziwa siku ya jua kali, ipuuze.

Pili, asilimia. "60%" haina maana ya mvua ya asilimia sitini ya siku. Maana yake ni kwamba siku kumi zinazofanana na hiyo, sita zitapata mvua mahali hapo na nne hazitapata.

Tatu, saa. Picha za setilaiti na ramani nyingi huandikwa kwa saa za UTC, yaani saa za kimataifa. Sisi tuko saa tatu mbele, na juu ya hapo tunahesabu saa zetu kwa Kiswahili. Njia ya mkato: chukua namba ya UTC, toa tatu, umepata saa ya Kiswahili. UTC 06 ni saa 3 asubuhi. UTC 12 ni saa 9 mchana. UTC 18 unatoa tatu unapata 15, toa 12, ni saa 3 usiku. Kwa 00, 01, 02 na 03 ongeza tisa badala ya kutoa tatu: UTC 00 ni saa 9 usiku. Ukiandika hesabu hii kwenye jalada la daftari utaepuka nusu ya malalamiko ya "walisema saa sita, ikaja saa tisa".

Upepo ukionyeshwa kwa noti (knots, kipimo cha kasi cha mabaharia), zidisha kwa mbili kasoro kidogo kupata kilomita kwa saa: noti 10 ni kama kilomita 18 na noti 20 ni kama 37. Mawimbi huanza kuonyesha vichwa vyeupe vingi upepo ukizidi noti kumi na mbili hivi, na mtu aliye ufukweni anaweza kuviona bila simu.

## Hatua ya 6: Zipe siku saba uzito tofauti

Piga mistari miwili kwenye ukurasa wako: mmoja baada ya siku ya pili, mwingine baada ya ya tano.

Siku ya kwanza na ya pili ni za kuamua. Hapa unaweza kulipa fundi, kukata tiketi, kuita vibarua.

Siku ya tatu hadi ya tano ni za masharti. Andika "nitafanya ikiwa..." na uandike pia utaulizia lini. "Nitamwaga zege Jumatano ikiwa Jumanne jioni utabiri wa saa 24 hautaji mvua kubwa."

Siku ya sita na ya saba ni za kujiandaa tu. Nunua nailoni, ongea na mwenye turubai, usitoe hela isiyorudi.

Tuone mfano. Ni Jumapili jioni katikati ya Aprili. Utabiri wa siku tano umeweka kanda yetu njano Jumanne na Jumatano kwa mvua kubwa, uwezekano wa wastani. Mishale ya upepo inageuka kutoka magharibi kuanzia Jumanne. Alhamisi hakuna rangi. Kazi zako ni zege Buswelu, dagaa Kayenze, safari ya Nansio.

*Jumatatu:* upenyo upo, upepo bado wa mashariki. Zege lililopangwa Jumatano lisogezwe lifanyike leo, kuanzia saa 3 asubuhi, na limalizike kabla ya saa 8. Dagaa waanikwe, ila waanze kutandazwa baada ya saa 3, mvua za alfajiri zikishaisha.

*Jumanne na Jumatano:* upepo wa magharibi, usitegemee upenyo. Dagaa wanaoshuka siku hizo watafutiwe njia nyingine mapema: kukaanga, kuweka chumvi, au kuuza wabichi Mwaloni hata kwa bei ya chini. Dagaa wakilowa wakiwa nusu wakavu wanaoza na kuishia chakula cha kuku.

*Alhamisi:* safari ya Nansio kwa masharti. Uamuzi Jumatano usiku, kwa kutazama utabiri wa ziwa, upepo na mawimbi. Ukiwa na nafasi ya kuchagua, ondoka mchana kuliko alfajiri.

*Ijumaa hadi Jumapili:* usiandike kitu kwa kalamu. Penseli.

Wa dagaa kuna kitu kingine hapa. Mavuno makubwa huja usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kamili wavuvi wengi hupumzika kwa sababu taa hazivuti. Tazama kalenda ya mwezi pamoja na utabiri. Wiki ya giza ikikutana na wiki ya unyevu, mzigo unakuwa mwingi na jua hakuna, na hapo hasara za mwaka mzima hupatikana kwa siku nne. Hiyo ndiyo wiki ya kutafuta vichanja vya kuazima na nailoni za kutosha kabla haijaanza. Na vichanja viwekwe mbali na maji: mwaka 2020, na tena 2024, ziwa lilipanda na kumeza mialo mingi, na wimbi la dhoruba hufika mbali zaidi maji yakiwa juu.

## Hatua ya 7: Kila jioni, dakika tano

Utabiri wa Jumapili unachakaa. Kila siku kati ya saa 10 jioni na saa 3 usiku fanya mambo haya.

Soma utabiri mpya wa saa 24. Ukipingana na wako wa Jumapili, wa leo ndio unaofuatwa.

Fungua picha ya setilaiti, tazama dhoruba zilizojengeka mchana kuzunguka bonde: Mara, Simiyu, Kisumu, hata nyanda za Kenya. Mawingu meupe kabisa kwenye picha ya joto (huandikwa infrared au IR) ndiyo marefu na baridi, yenye radi. Hii ni dalili moja yenye thamani kuliko programu yoyote: mchana wenye dhoruba nyingi za nchi kavu kuzunguka ziwa mara nyingi hufuatiwa na usiku wenye dhoruba kali ziwani. Mchana ukiwa mtulivu kote, usiku huelekea kuwa wa nafuu. Huelekea tu, siyo ahadi.

Cheza picha za saa mbili za mwisho uone zinaelekea wapi. Kisha toka nje utazame mashariki kwa macho yako. Wazee wa mwaloni wanajua kusoma anga la jioni, waulize. Mzee akisema "leo sitoki" na simu inasema shwari, mimi ningebaki na mzee, kwa sababu yeye hupoteza kipato cha usiku mzima kwa maneno yake na simu haipotezi kitu.

Umefaulu kama: angalau siku moja ya wiki umebadili uamuzi kwa sababu ya dakika hizi tano. Kama hujabadili hata mmoja kwa masika yote, huzifanyi.

## Hatua ya 8: Mipaka ambayo haijadiliwi

Kuna mambo ambayo utabiri mzuri hauyafuti.

Radi. Bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo ya dunia yenye radi nyingi. Ukiona mwako, hesabu sekunde hadi ngurumo. Kila sekunde tatu ni kilomita moja. Ikiwa chini ya sekunde 30, ingia ndani ya nyumba au gari lililofungwa. Kaa humo mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Mwembe si kinga. Ukiwa kwenye maji, geuza kuelekea nchi kavu unapoona wingu, usisubiri kuhesabu.

Jaketi okozi huvaliwa tangu gati. Ule upepo unaotangulia mvua hautoi dakika ya kulifungua kutoka chini ya magunia.

Maji ya mtaani. Mto Mirongo na mifereji yake hujaa kwa mvua iliyonyesha vilimani, huku kwako hata tone halijaanguka. Bodaboda asivuke maji asiyoiona lami yake.

Sauti za WhatsApp. Kisheria, TMA ndiyo yenye mamlaka ya kutoa tahadhari ya hali mbaya ya hewa nchini. Sauti isiyo na tarehe, inayosema "kimbunga kinaingia Mwanza usiku wa leo", ifute. Mara nyingi huwa ya mwaka mwingine na nchi nyingine.

## Hatua ya 9: Pima ulichokipata

Weka kopo lako mahali pa wazi, mbali na nyumba na miti kwa umbali wa angalau mara mbili ya urefu wa nyumba au mti huo, lisimame wima, lizungushiwe mawe lisianguke. Kila siku saa 3 asubuhi tumbukiza rula, andika milimita, mwaga maji. Kama rula yako haianzi sifuri ukingoni, ongeza kipande kilichobaki.

Pembeni andika fungu lipi mvua ilinyesha, na kama ulilitegemea.

Baada ya mwezi utaona mambo ambayo utabiri wa mkoa hauwezi kukuambia. Utajua kama mtaa wako ni wa mvua za alfajiri au za jioni. Wa Kayenze atapata picha tofauti na wa Usagara, na wote watakuwa sahihi. Utajua pia programu yako hukosea upande gani: nyingi huzidisha idadi ya siku za mvua na kupunguza ukubwa wa zile kubwa.

Usijipime kwa siku mojamoja. Jiulize kama siku ulizoziandikia "mvua fungu la kwanza" zilipata mvua mara nyingi zaidi kuliko zile ulizoziacha tupu. Kama jibu ni ndiyo, njia inafanya kazi na uendelee. Kama hakuna tofauti, rudi hatua ya 4 usogeze saa za mafungu mbele au nyuma kidogo kulingana na daftari lako. Aliye Ukara anaweza kuhitaji fungu la kwanza lifike saa 4 asubuhi. Aliye Misungwi anaweza kulipuuza kabisa.

Kufikia mwisho wa Mei mvua zikipungua, funga daftari hilo na uanze jipya. Juni hadi Agosti mvua ni haba, na upepo wa kusini mashariki ndio unaosumbua ziwani. Vyumba ni vilevile vinne, ila unavijaza kwa upepo na mawimbi badala ya mvua.